Umbo la valvu ya kuingiza hewa: mwongozo kamili kwa mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho presha ya hewa ni takriban asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) inayofika Uyole, Mbeya, kutoka Dar es Salaam huwa imeshapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake hata kama kila kifaa ni kizima. Ukipanda zaidi kuelekea Njombe au Kitulo, hesabu asilimia 1 hivi nyingine kwa kila mita 100. Hewa ya huku hatuwezi kuiongezea uzito bila tabo. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba hiyo iliyopo inaingia kwenye silinda bila kuzuiwa, na mahali inapobanwa zaidi, tangu kwenye chujio hadi juu ya pistoni, ni ule mwanya wa milimita chache kati ya valvu na siti yake, yaani pete ya chuma ambayo valvu huikalia ikifunga.

Nimeona hedi nyingi (ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) zikitoka karakana zikiwa hazivuji hata tone, na bado gari haivuti. Valvu zimesagwa, mafuta ya taa hayapenyi, mwenye gari amelipa, lakini akifika mlima Kitonga anapangua gia zilezile alizopangua kabla ya matengenezo, na moshi mweusi ni uleule. Kuziba ni nusu ya kazi ya valvu. Nusu ya pili ni kupitisha hewa, na hiyo inategemea umbo la valvu na la siti, umbo ambalo sisi mafundi huliharibu kidogo kidogo kila tunaposaga. Mwongozo huu unahusu namna ya kulilinda umbo hilo na kulirudisha pale lilipopotea.

Hewa inapitaje

Pistoni inaposhuka, presha ndani ya silinda inapungua na hewa ya nje inasukumwa kuingia. Nguvu ya kuisukuma ni tofauti ya presha hizo mbili tu, na kwa injini isiyo na tabo tofauti hiyo haiwezi kuzidi presha ya hewa ya nje. Moshi wa eksozi una presha kubwa zaidi nyuma yake, kwa hiyo valvu yake inaweza kuwa ndogo. Ndiyo sababu ukifungua hedi karibu yoyote, valvu kubwa zaidi ni ile ya kuingiza.

Eneo ambalo hewa inapitia valvu inapoinuka ni mzingo wa valvu mara kimo ilichoinuka: 3.14 × kipenyo × mwinuko. Chukua valvu ya kipenyo cha milimita 40. Ikiinuka milimita 2.5, mwanya ni milimita za mraba 314. Ikiinuka milimita 10, mwanya ni 1,257, sawa na eneo la duara la valvu yenyewe. Lakini hewa haiji kupitia duara hilo lote. Inapita kwanza kwenye koo, yaani ile sehemu nyembamba chini ya siti, ambayo kwa kawaida ni asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Tuseme koo ni milimita 35 na shina la valvu ni milimita 8: eneo linalobaki kwa hewa ni kama milimita za mraba 912. Maana yake, valvu ikishainuka zaidi ya milimita 7 na robo, koo ndilo linaloamua kiasi cha hewa, na kuinua zaidi kunaleta faida ndogo.

Wakulima wa mpunga wa Mbarali wanalifahamu jambo hili kwenye malango ya mifereji. Lango likiinuliwa kidogo, maji yanategemea upana wa lango na ukubwa wa upenyo wa chini. Likishapita kina cha maji ya mfereji, kuliinua zaidi hakuongezi chochote.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu hii peke yake haionyeshi. Hewa yenye kasi haikati kona kali. Ikikutana na ukingo mkali inaachana na chuma, inajikusanya katikati ya mwanya, na pembeni inabaki hewa inayozunguka bila kwenda popote. Valvu ikiwa imeinuka kidogo, hewa inashikamana na uso wa valvu upande mmoja na siti upande wa pili. Ikiinuka zaidi inaachana na upande mmoja, kisha na pande zote mbili. Mwanya wa milimita za mraba 600 unaweza kufanya kazi kama wa 400. Pembe za siti, ukingo wa valvu na mgongo wake ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani kinapotea hapo. Na kumbuka kwamba kila mzunguko valvu inapita mwinuko mdogo mara mbili, ikifunguka na ikifunga, wakati kile kimo cha juu kabisa inakifikia mara moja tu. Ndiyo maana nasisitiza milimita tatu nne za mwanzo kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Watengenezaji walilielewa mapema. Mwaka 1912 Peugeot walishinda mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa kwa gari lenye valvu nne kwa kila silinda. Hesabu inaonyesha sababu: valvu moja ya milimita 40 ina mzingo wa milimita 126 hivi, lakini valvu mbili za milimita 30 zina jumla ya 188, yaani nusu ya ziada, na zinaenea kwenye hedi ileile. Baadaye Charles Fayette Taylor na wenzake pale MIT, Marekani, walionyesha kwamba kuna kikomo cha kasi ya hewa kwenye valvu ya kuingiza: wastani wake ukikaribia nusu ya kasi ya sauti na kupita, silinda haijazi tena ipasavyo hata ukikanyaga vipi. Pikipiki inayokata nguvu ikifika mizunguko ya juu mara nyingi imefika kwenye ukuta huo.

Sehemu za valvu na kazi ya kila moja

Uso ni ile pete iliyochongwa kwa pembe, inayokaa kwenye siti. Pembe ya kawaida ni nyuzi 45. Baadhi ya dizeli na trekta zina nyuzi 30 upande wa kuingiza. Siti ya nyuzi 30 inafungua mwanya mpana zaidi kwa mwinuko uleule mdogo, kama asilimia 22 zaidi kwa hesabu ya umbo tu. Siti ya nyuzi 45 inajikita vizuri zaidi, inajisafisha uchafu, na hewa inaipita vizuri valvu ikiwa imeinuka sana. Usibadilishe nyuzi 30 kuwa 45 kwa sababu tu kata (kisu cha kuchongea siti) uliyonayo ni ya 45. Nimekuta trekta zilizofanyiwa hivyo, na mkulima hakuambiwa.

Ukingo ni ule unene wa wima kati ya uso na upande unaoangalia pistoni. Ukiwa mwembamba sana unapata moto kupita kiasi, unawasha mchanganyiko kabla ya wakati na mwishowe unaungua.

Mgongo ni sehemu ya nyuma, kutoka kwenye uso hadi shinani, na hapa ndipo neno "umbo" lina uzito wake wote. Kuna valvu zenye mgongo mrefu, unaopanda polepole hadi kukutana na shina, na zenye mgongo bapa, ambapo kichwa ni chembamba na kona ya kukutana na shina ni fupi. Njia ya hewa ikishuka kutoka juu karibu wima, mgongo mrefu unaisaidia hewa kutawanyika bila kugonga. Njia ikiingia kwa ubavu na kupinda ghafla juu ya siti, kama ilivyo kwenye hedi nyingi za zamani, mgongo mrefu unajaza nafasi ambayo hewa inaihitaji ili igeuke, na mgongo bapa unafanya kazi vizuri zaidi.

Kwa hiyo ukinunua valvu mpya, iwe Mwanjelwa au imeagizwa kutoka Kariakoo, usiridhike na kipenyo na urefu. Ziweke mpya na ya zamani bega kwa bega, zitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga, ulinganishe migongo. Zikitofautiana waziwazi, irudishe dukani.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo liko kwenye hedi

Badilisha au safisha chujio la hewa. Rekebisha tapeti (zile zinazoisukuma valvu ifunguke), kwa sababu mwanya wake ukizidi valvu inachelewa kufunguka, inawahi kufunga na haifiki kimo chake. Kisha fungua kifuniko cha juu, weka dayal geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) juu ya kila valvu ya kuingiza, zungusha injini kwa mkono na uandike mwinuko. Silinda moja ikipungua kwa nusu milimita kuliko wenzake, kemshafti (mhimili unaoziinua valvu) imelika hapo, na hakuna usagaji wa valvu utakaoirudisha.

Pima kompresheni pia, lakini soma namba kwa akili ya huku. Kitabu kinaandika kipimo cha usawa wa bahari. Injini inayotakiwa kusoma bar 12 pwani itasoma karibu bar 10 Mbeya ikiwa nzima kabisa. Ringi nzuri zimetupwa kwa kutokujua hili. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Hatua ya 2: Fungua, weka alama, soma kabla ya kusafisha

Kila valvu irudi kwenye siti yake, kwa hiyo toboa matundu kwenye ubao au katoni na uandike namba. Usikimbilie brashi. Tazama kwanza mgongo wa kila valvu ya kuingiza.

Kaboni nyeusi, nene, yenye mafuta, inasema oili inashuka kupitia gaidi (bomba linaloongoza shina la valvu) au oili sili iliyokauka. Kaboni kavu iliyojaa kama ganda mara nyingi inatokana na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile za Toyota za D-4 ambazo tunazo nyingi mitaani, zina shida hii kwa asili: petroli haipiti juu ya valvu, kwa hiyo hakuna kinachoiosha. Ganda la milimita mbili kuzunguka mgongo linaziba koo kwa pande zote. Kwenye koo letu la milimita 35, mgongo uliovimba namna hiyo unaweza kula hewa kuliko kosa lolote la fundi. Wakati mwingine kusafisha tu ndiyo tiba nzima.

Loweka valvu kwenye dawa ya kuyeyusha kaboni, kisha tumia brashi ya shaba au kipande cha mbao ngumu. Usikwangue uso kwa bisibisi.

Baada ya kusafisha, pima gaidi. Ingiza valvu, iache imeinuka kama milimita 10, isukume huku na huku ukiwa na dayal geji pembeni ya kichwa; ikicheza waziwazi, pima shina na tundu kwa vipimo sahihi ulinganishe na kitabu. Katika injini nyingi ndogo za petroli kikomo cha upande wa kuingiza ni kama milimita 0.08. Gaidi hutangulia siti daima, kwa sababu kata ya siti inaongozwa na fimbo inayokaa ndani ya gaidi. Gaidi ikiwa imelika kwa kupinda, siti itachongwa upande, na valvu itapitisha hewa vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.

Hatua ya 3: Pima valvu imezama kiasi gani

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami nitakaa hapa.

Kila unaposaga valvu kwa pesti yenye chembe za kusagia, unaondoa chuma kwenye uso na kwenye siti. Valvu inazama ndani ya hedi. Mara ya kwanza ni sehemu ndogo ya milimita. Hedi iliyopita mikono mitatu minne, hasa za magari ya abiria na matrekta yaliyotumika miaka mingi, inaweza kuwa na valvu zilizozama milimita moja na nusu au zaidi.

Fikiria kinachotokea. Valvu sasa iko ndani ya shimo. Ikiinuka milimita moja na nusu ya kwanza, bado ukingo wake umezungukwa na ukuta wa chuma, na hewa haina pa kutokea isipokuwa kwa kupinda juu na kuruka ukuta huo. Ule mwinuko mdogo niliosema ndio wenye thamani umepotea. Mgongo nao umepanda kuelekea kwenye koo na kulibana. Nafasi ya kuchomea imeongezeka, kwa hiyo kompresheni imeshuka. Kwenye dizeli hilo linaonekana mapema: asubuhi ya Juni au Julai Makete au Njombe, baridi ikiwa kali na hewa yenyewe nyepesi, injini inazungushwa hadi betri inakata roho.

Upande wa juu pia unaharibika. Shina limepanda, kwa hiyo springi imepata urefu zaidi na imelegea. Springi iliyolegea inaiacha valvu idunde kwenye mizunguko ya juu.

Kupima ni rahisi. Safisha uso wa hedi, weka rula ya chuma iliyonyooka kukatiza juu ya valvu iliyofungwa, na ingiza fila geji kati ya rula na kichwa cha valvu, au tumia mkia wa vernia kupima kina. Andika kila silinda. Linganisha na kikomo cha kitabu cha injini hiyo, kwa sababu dizeli nyingi zimetengenezwa valvu zikiwa zimezama kidogo makusudi ili zisigongane na pistoni.

Ikiwa umepita kikomo, kuna njia moja ya haki: toa siti ya zamani, pachika siti mpya, uichonge upya. Kazi hiyo inahitaji mashine na mkerezaji anayeijua, kwani siti inakaa kwa kubanwa tu. Ikilegea inaanguka na kuvunja pistoni. Bei yake ni kubwa kuliko ya pesti, ndiyo. Lakini kumrudishia mtu hedi yenye valvu zilizozama, zikiwa zimesagwa zikang'aa, ni kumuuzia kazi ambayo haijafanyika.

Kukata uso wa hedi ili kufidia, kama wengine wanavyofanya, kunapunguza kina kwa kiasi fulani, lakini kunasogeza vitu vingine: taiming ya kemshafti ya juu, umbali wa pistoni na valvu, na kwenye hedi ndefu unene wa chuma.

Hatua ya 4: Uso na siti, pembe tatu

Uso wa valvu uchongwe kwa mashine ya valvu, siyo kwa drili na msasa. Ondoa kile tu kinachohitajika kufuta mashimo. Kisha pima ukingo: kwa valvu ndogo za petroli, ukishuka chini ya milimita 0.8 mimi siirudishi kwenye injini, hata kama baadhi ya vitabu vinaruhusu chini kidogo.

Watengenezaji wengi, Toyota wakiwemo, huchonga uso kwa nyuzi 44.5 na siti kwa 45. Tofauti hiyo ya nusu nyuzi inafanya valvu ikamate kwenye mstari mwembamba na kuziba mara moja. Ukisaga sana kwa pesti unaifuta. Pesti itumike mwishoni, kidogo, laini, ili kuona mguso tu.

Sasa siti. Hedi iliyosagwa mara nyingi huwa na siti pana, milimita mbili na nusu au tatu. Siti pana inakamata kaboni, inabana kwa nguvu ndogo kwa kila eneo, na hewa inalazimika kupita kwenye mteremko mrefu wa pembe moja wenye kona kali juu na chini. Inatakiwa pembe tatu:

1. Kata ya nyuzi 45 kwanza, hadi siti iwe safi pande zote.
2. Kata ya nyuzi 30 kwa juu, upande wa pistoni. Hii inapunguza siti kutoka nje na kuipa hewa mahali pa kutokea.
3. Kata ya nyuzi 60 kwa chini, upande wa koo. Hii inapunguza siti kutoka ndani na kulainisha kona ya kutoka kooni.

Paka uso wa valvu rangi ya maka peni au bluu ya kupimia, ishushe, izungushe robo, itoe. Alama inakuonyesha upana na mahali. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota upana unaotakiwa ni milimita 1.0 hadi 1.4; dizeli kubwa zina zaidi, fuata kitabu. Kuhusu mahali, kwa ajili ya hewa ni bora mguso uwe karibu na ukingo wa nje wa uso, ukiacha kama nusu milimita nje yake. Mguso ukiwa ndani sana, karibu na mgongo, umelifanya koo kuwa dogo bila sababu. Ukiwa juu mno, shusha kwa kata ya 30. Ukiwa chini mno, pandisha kwa kata ya 60. Kisha rudia 45 kidogo.

Nguvu ya mkono iwe sawa na kata izunguke bila kudunda. Siti yenye mawimbi haionekani kwa macho, lakini rangi itakatika sehemu sehemu.

Hatua ya 5: Mgongo

Uso ukishachongwa, kati yake na mgongo kunabaki kona kali. Hewa inayotoka kooni inaigonga kona hiyo na kuachana na uso wa valvu wakati ule ule mwanya ukiwa mdogo. Dawa yake ni kukata pembe ya nyuzi 30 nyuma ya uso, kwenye mashine ileile ya valvu, upana wa milimita moja hivi. Mkato usiguse mstari wa mguso na siti. Kwa valvu ya nyuzi 45 huu ndio mkato ninaoupenda kuliko yote, maana gharama yake ni dakika chache za mashine, na faida yake iko kwenye mwinuko mdogo kabisa.

Usiukate kwenye valvu ambayo uso wake tayari ni wa nyuzi 30. Usipunguze shina kwa kuikereza valvu ya kawaida ili tu hewa ipite. Valvu ya lori inayokatika kichwa mteremko wa Kitonga ni maafa. Upande unaoangalia pistoni uache kama ulivyo. Kwa valvu ya kuingiza, ukingo wenye kona dhahiri upande huo unasaidia kuzuia hewa isirudi nyuma. Kuuviringisha kunafaa zaidi kwenye eksozi.

Kung'arisha mgongo kama kioo si lazima. Laini ya kawaida inatosha.

Hatua ya 6: Koo na kona ya ndani

Weka kidole chini ya siti na uzungushe. Mara nyingi utakuta ngazi, mahali siti ya chuma inapokutana na alumini. Ilainishe kwa jiwe dogo la grinda ya mkono hadi kidole kisiisikie. Kisha tafuta kona ya ndani, ile fupi, ambapo sakafu ya njia ya hewa inapinda kushuka kwenye siti. Hewa yenye kasi inaachana na chuma hapo kwanza. Ifanye iwe mviringo, lakini usiishushe: ukikata sakafu unaifanya kona kuwa kali zaidi, kinyume cha ulichotaka.

Usipanue njia nzima. Njia pana inapunguza kasi ya hewa kwenye mizunguko ya chini, na gari la mlimani linaishi kwenye mizunguko ya chini na ya kati. Kwenye injini ya kabureta acha uso wa njia ukiwa na mkwaruzo wa msasa wa namba 80 hadi 120, ili matone ya petroli yasijikusanye na kutiririka ukutani.

Dizeli zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni zina njia iliyopindishwa makusudi, ili hewa iingie ikizunguka na kuchanganyika na mafuta. Hapo gusa siti na valvu tu. Ukiinyoosha njia hiyo hewa itaongezeka, mzunguko utapotea, na moshi utazidi.

Je, kuweka valvu kubwa zaidi? Mara chache inalipa. Ukingo wake unasogea karibu na ukuta wa silinda, na upande huo hewa inazibwa tena.

Hatua ya 7: Pima kabla na baada

Kifaa cha kulinganisha unaweza kukitengeneza mwenyewe. Tafuta mashine ya kufyonza vumbi, kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani karibu sawa na silinda, ubao, na mpira angavu wa mita mbili uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi. Hedi ikae juu ya bomba, bomba liunganishwe na mashine, na mpira wa maji utoke kwenye tundu dogo ubavuni mwa bomba. Ziba kila penye mwanya, likiwemo tundu la plagi au nozeli. Weka skrubu ya kuisukuma valvu kwa kimo unachotaka.

Washa, inua valvu milimita 2, soma tofauti ya maji pande mbili. Kisha 4, 6, 8. Mashine ni ileile, kwa hiyo tofauti ya maji ikipungua baada ya kazi yako, hewa nyingi zaidi inapita. Umeme ukipanda na kushuka utakudanganya. Toboa bati tundu moja la mviringo la milimita 25, liweke juu ya bomba badala ya hedi, na ulisome kabla na baada ya kila zamu ya vipimo. Likisoma tofauti, rudia.

Kifaa hiki hakikupi nguvu za farasi. Kinakuonyesha silinda ipi iko nyuma ya wenzake, na kama ulichokata kimesaidia. Kwenye kazi ya pembe tatu na mkato wa mgongo, tazama hasa milimita 2 na 4.

Hatua ya 8: Kufunga na kurekebisha

Pima urefu wa springi iliyofungwa. Ukizidi wa kitabu, weka washa chini yake. Weka oili sili mpya. Injini yenye tapeti za vikombe itahitaji shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha mwanya) upya, kwa kuwa shina limesogea. Jaribu kila silinda kwa mafuta ya taa kwenye njia ya hewa, valvu zikiwa zimefungwa, dakika kadhaa.

Hewa ikibadilika, mafuta nayo yaangaliwe. Injini ya kabureta iliyopimwa kwa pwani huwa tayari inakula petroli nyingi kuliko hewa ya huku. Baada ya kazi hii jeti iangaliwe kwa kusoma plagi, baada ya safari ya mzigo, siyo ya mzunguko wa mtaani. Dizeli isiyo na tabo ikipanda kona 57 za Chimala hadi Matamba kwa moshi mdogo kuliko zamani, pampu ikiwa haijaguswa, hewa imeongezeka. Ikibaki na moshi uleule, pima pampu na nozeli kabla ya kuilaumu hedi. Na ukishamkabidhi mwenye gari, mpe tarehe ya kurudi baada ya kilomita 1,000 ili tapeti zipimwe tena injini ikiwa katika hali ambayo kitabu chake kinataka, ya baridi au ya moto.